Akiba ya wafanyakazi: daftari la waombaji au wanafunzi wa fildi?

Fundi akiondoka ghafla kwenye karakana yako ya Tabata, unampigia nani?

Daftari la waombaji, yaani waliokuja kuomba kazi kwako, halina gharama: jina, simu, ujuzi, anakoishi, tarehe aliyokuja. Hilo la makazi usilidharau. Mtu wa Chanika anayetakiwa Kariakoo saa moja asubuhi, nauli na foleni vitamchosha mapema. Tatizo la daftari ni kuchakaa: namba hubadilika, watu hupata kazi. Piga simu kila miezi mitatu, ufute wasiopatikana. Na nakala za vitambulisho usizirundike bila sababu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wanafunzi wa fildi, yaani wanaokuja kujifunza kazi kwa vitendo, tuseme kutoka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, watakugharimu nauli, chakula na muda wa fundi wa kuwasimamia. Lakini hapo unamwona mtu akishika spana, si akijieleza. Ila huja kwa ratiba ya chuo, na wengi hupotea kwa kuwa hakuna aliyeandika namba zao walipomaliza.

Unatafuta muuzaji wa wiki hii? Fungua daftari. Fundi wa kuchomelea wa mwakani? Peleka barua chuoni sasa.