Mitake, hekalu la mlimani Tokyo: nenda, ila lala hukohuko juu

Nimesharudi Moshi lakini vijana wanaopata skolashipu za Japani bado wananitafuta, dada kule tutembee wapi, na wote wameshaona picha za mlima Fuji. Jibu langu ni lilelile, nendeni Mitake. Nimeamua niliandike vizuri mara moja maana kwenye voisi noti nishachoka kurudia.

Mitake ni mlima uko ndani ya Tokyo hiyohiyo, upande wa magharibi, mji wa Ome, na kileleni kuna hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, linaitwa Musashi Mitake. Una mita 929 tu, sisi watu wa Marangu tunalala juu kuliko hapo, kwahiyo mlima wenyewe usikutishe, mi kilichonivuta hakikuwa urefu.

Usafiri nawapa alama zote. Toka Shinjuku, stesheni kubwa ya mjini Tokyo, ni treni kama saa moja na nusu mpaka stesheni ya Mitake, basi dakika kumi hivi, afu unapanda kebo, yaani behewa linalovutwa na waya kwenye reli iliyosimama kweli kweli, dakika sita uko juu. Mi nililipa yeni elfu moja mia na kitu kwenda na kurudi. Dakika iliyoandikwa ukutani ndo dakika linayoondoka, na usiku halifanyi kazi, kwahiyo angalia saa ya safari ya mwisho kabla hujaanza kuzurura.

Humo ndani utashangaa kukuta mbwa, na wenyewe wanakatiwa tiketi. Mi nimekulia nyumba ambayo mbwa anakaa nje analinda, sasa pale nakuta mzee kambeba mbwa wake kifuani kama mjukuu anampeleka hekaluni akaombewe afya. Ikabidi niulize. Kumbe hekalu lile linamheshimu mbwa mwitu, wanamwita Oinu-sama, hadithi yao inasema mwana wa mfalme Yamato Takeru alipotea kwenye ukungu mlimani hapo na mbwa mwitu mweupe ndo akamwonyesha njia. Na wakulima walikuwa na sababu yao nyingine kabisa, mbwa mwitu alikuwa anakula paa na nguruwe pori wanaomaliza mazao. Mtu yeyote aliyewahi kukesha shambani kufukuza nguruwe anaelewa kwanini mnyama huyo apewe heshima. Mbwa mwitu wenyewe Japani wameisha, wa mwisho anayejulikana alikufa 1905, lakini karatasi yenye picha yake bado watu wananunua wanabandika nyumbani kuzuia wezi na moto.

Ukishuka kwenye kebo unatembea karibu nusu saa, unapita katikati ya kijiji, nyumba nyingine zina paa za nyasi nene ajabu, kuna mti mmoja mkubwa wa keyaki wanasema una miaka kama elfu moja, afu ndo zinaanza ngazi za mawe, zaidi ya mia tatu. Pole pole. Kwenye torii, lile geti la kuingilia hekaluni, inama kidogo, pita pembeni, katikati ya njia wanasema ni pa mungu wao.

Kabla hujafika kwenye jengo kuna birika la jiwe lina maji na kata zenye mpini mrefu. Niliganda pale sijui nianzie wapi, mama mmoja wa makamo akaniona akaja kunifundisha bila kusema neno. Unachota kata moja tu, hiyohiyo unaigawa. Unaosha mkono wa kushoto, wa kulia, unamimina kidogo kwenye kiganja unasukutua unatema chini pembeni, unarudia kushoto, afu maji yaliyobaki unaisimamisha kata yateremke yaoshe mpini, ili anayekuja nyuma yako ashike pasafi. Hilo la mpini lilinigusa sana jamani, nilirudia mara mbili kwa kupenda tu.

Na pale juu niliona kamba nene ya majani ya mpunga ina karatasi nyeupe zilizokunjwa zinaning'inia, ni alama kwamba kuanzia hapa ni mahali patakatifu. Nikamkumbuka bibi yangu na masale yake, yale majani marefu yanayopandwa kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Kwa Wachaga ukikosana na mtu ukampelekea isale lililofungwa fundo hawezi kukataa kukusamehe, jani tu lakini lina uzito kuliko maneno. Bibi alikuwa akitoka asubuhi anaangalia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwanza ndo anaanza kusalimia watu. Miaka yote nilidhani ni mambo ya wazee yanaisha nao, nikaja kuyakuta kwenye nchi ya treni za umeme, vijana wa rika langu wanayafanya bila aibu yoyote.

Wengi mnaniuliza, mkristo au mwislamu aingie? Mi ni Mlutheri, nimeingia. Hakuna aliyenilazimisha kitu. Wenyewe wanatupa sarafu, wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama mara moja. Sarafu wanayopenda ni ya yeni tano, ile yenye tundu, kwasababu kwa Kijapani inatamkwa sawa na neno la kuunganishwa na mtu, undugu hivi. Mi nilivua kofia nikainama kama ninavyomsalimia mzee nyumbani kwake, maombi yangu nikayaacha kwa Mungu wangu. Kila mtu apime na imani yake.

Sasa malazi. Watu wengi wanaenda na kurudi siku hiyohiyo na hapo ndo wanakosea. Kijijini kuna nyumba za wageni zinaitwa shukubo, za familia za makuhani toka enzi, lala hapo. Ila nilipata shida, nyumba niliyoweka nafasi kwa intaneti nafika Novemba kiza kimeingia wananiambia jina langu halipo, Kijapani changu kidogo, nimesimama na begi natetemeka. Jina la nyumba siliweki. Jirani yao ndo alinipokea, akaniwekea chai kabla hata hajaniuliza pasipoti. Nililipa kama yeni elfu kumi na mbili pamoja na chakula cha usiku na asubuhi, kwa mwanafunzi inauma, ila ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kule. Chakula ni mboga za mlimani, tofu, wali, samaki wa kuchoma. Waislamu semeni mapema, sosi ya soya na viungo vyao vingine huwa na pombe ndani.

Usiku nilitoka nje, bonde zima la Tokyo linawaka taa mpaka jicho linapoishia na pale nilipo nasikia maji tu yanatiririka, nikawa kama nimesimama Marangu usiku naangalia taa za Moshi. Asubuhi mwenye nyumba, ambaye ni kuhani, kavaa nguo nyeupe akapiga ngoma kwenye chumba cha ibada humohumo ndani, ubaridi unatoka miguuni, wageni watano tumekaa kimya. Wengine walienda kusimama chini ya maporomoko ya maji kujitakasa. Mi kwa ile baridi sikuweza.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa mambo ya kuweka nafasi, na kule juu maduka mengi yanataka hela taslimu. Weka nafasi mwezi mmoja kabla, mwombe mwenzako anayejua Kijapani apige simu, asiishie kwenye kubonyeza tu. Kwepa jumamosi. Mwezi wa kumi na moja majani ni mekundu na baridi bado inavumilika, beba koti la kupandia mlima ulilotoka nalo nyumbani na sarafu za yeni tano nyingi.