Bunduki na risasi za kuwindia bata Marekani: anza na risasi, bunduki ifuate

Ukiingia duka la bunduki hapa Marekani macho yanakimbilia mitutu iliyopangwa ukutani. Kwa mwindaji wa bata mwitu, huko ni kuanzia mkiani. Tangu 1991 sheria ya nchi nzima inakataza kuwapiga bata na bata bukini kwa marisau (zile punje ndogo zinazojaa ndani ya risasi) ya madini ya risasi, na katazo hilo ndilo linaloamua bunduki gani ikufae na ufyatue kutoka umbali gani. Chanzo chake ni firigisi. Bata humeza changarawe za kumsagia chakula, na kwenye matope ya kinamasi hatofautishi changarawe na marisau. Akimeza punje chache sumu inamtafuna polepole, na tai akimla naye anaathirika.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, ndugu zangu tuliohamia huku tuangalie makaratasi. Aliyeingia kwa viza ya muda, wanafunzi wakiwemo, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kununua wala kumiliki bunduki, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, au anaangukia kwenye misamaha mingine michache. Mwenye grinikadi hana kizuizi hicho. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, na kudanganya humo ni kosa la jinai. Kwa bata unahitaji pia usajili wa HIP (mpango wa kukusanya taarifa za ndege wanaowindwa) na stempu ya shirikisho ya dola 25 kwa kila mwenye miaka 16 kwenda juu.

Sasa risasi. Nafasi ya kwanza naipa chuma bila kusita. Ndiyo rahisi kuliko zote, na inapatikana hata kwenye maduka ya vijijini. Kasoro yake ni wepesi: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8 hivi, ya madini ya risasi 11.3, kwa hiyo punje ya chuma inaishiwa nguvu mapema. Dawa yake ni kuchukua punje kubwa zaidi. Aliyezoea namba 4 ya madini ya risasi achukue namba 2 ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 3.8. (Namba ikipungua, punje inakua.) Kwa bata chukua namba 2 au 3, kwa bata bukini BB, ambayo punje yake ni kubwa zaidi. Katika geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipungua, mtutu unapanuka) risasi ya inchi 3 yenye gramu 35 za marisau inatosha, mradi usimpige ndege aliye mbali zaidi ya mita 35. Zaidi ya hapo unajeruhi tu, na bata aliyejeruhiwa ataingia kwenye matete akafie huko.

Ya pili ni bismathi. Ni madini yenye gramu 9.6 kwa kipimo hichohicho na ni laini, ndiyo maana inafaa bunduki kuukuu zenye mtutu mwembamba ambazo chuma kinaweza kuziharibu. Bei yake ni mara mbili au tatu ya chuma. Ya tatu ni tangsteni ile inayouzwa kwa jina la TSS, gramu 18, nzito kuliko hata madini ya risasi. Inaua vizuri mno, lakini kwa bata wanaoshuka kwenye vinyago vya bata vya kuwavutia mita 25 kutoka ulipojificha ni ubadhirifu. Mwenye bunduki ndogo ya geji 20 anaweza kuwa na sababu ya kuinunua.

Risasi ya inchi 3½ iliingia sokoni 1988, watu wakitafuta namna ya kushindilia chuma kingi zaidi kwenye ganda moja. Bega litakukumbusha. Mimi siinunui.

Kwenye bunduki, ya kwanza ni ya pampu (unavuta na kusukuma kishikio cha mbele ili kupakia), geji 12, chemba, yaani sehemu inapokaa risasi, ya inchi 3. Mossberg 500 na Remington 870, ambayo imekuwepo tangu 1950, zimelowa matope ya kila aina na bado zinafanya kazi. Maverick 88 ni ndugu wa Mossberg kwa bei ya chini, dola 250 hivi ikiwa mpya. Mwenye kutumia mkono wa kushoto apende Mossberg 500, maana kitufe cha usalama kiko juu mgongoni, si ubavuni. Ukinunua iliyotumika, omba ruhusa uifungue: chungulia mtutu ukiuelekeza kwenye taa, tafuta vishimo vya kutu, kisha jaribu kufungua choki, kile kipande cha mdomoni mwa mtutu kinachobana marisau, kwa mkono. Choki iliyogandia ni dalili kwamba mwenyewe hakuwa anasafisha.

Ya pili ni inayojipakia kwa gesi, kama Beretta A300 Ultima. Inapunguza teke la bunduki begani, ila inachafuka na inataka kusafishwa. Nafasi ya tatu nazipa zinazojipakia kwa nguvu ya teke lenyewe: Stoeger M3000 kwa bei ya wastani, Benelli kwa wenye nazo. Ni nyepesi na hazichafuki upesi, lakini zinapiga bega zaidi, na ukifunga bolti (kipande cha chuma kinachoifungia risasi kwenye chemba) taratibu ili bata wasisikie inaweza isikae vizuri. Bata anashuka, unavuta kifyatuo, unasikia "tik" tu. Ya mwisho ni ya mitutu miwili. Nzuri kwa kuangalia, ghali kwa kutumbukiza kwenye maji ya Novemba.

Ijaribu ukiwa umevaa koti lako la baridi, si fulana. Fumba macho, ipandishe begani, fumbua. Ukiona mgongo wote wa mtutu, au kitako kimekwama kwenye koti, tafuta nyingine hata kama hiyo inasifiwa na kila mtu. Hakikisha pia kuna kile kijiti ndani ya ghala la risasi kinachozuia zisizidi tatu kwa jumla. Iliyotumika mara nyingi imeshaondolewa kijiti hicho, na faini ni yako. Risasi zenye marisau ya madini ya risasi nazo ziache nyumbani, kwani kukutwa nazo mfukoni wakati unawinda bata ni kosa hata kama hukufyatua.

Choki anza na yenye alama ya IC (inabana kidogo) au M (inabana kiasi). Ya F, inayobana sana, haitakiwi, chuma hakibonyei kikibanwa. Halafu nunua maboksi ya aina mbili tofauti, tundika karatasi pana mita 30, fyatua moja ya kila aina na chora duara la sentimita 76 palipojaa matundu. Usihesabu tu. Tafuta nafasi tupu inayotosha bata kupita bila kuguswa. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti.

Muislamu anayetaka kumla bata huyo atafute fatwa mapema, kwani wanazuoni wamehitilafiana juu ya aliyeuawa kwa marisau. Bismillah iwe kabla ya kufyatua, na kisu kiwe karibu kwa atakayekutwa hai. Na mezani wote mtafune taratibu, punje ya chuma inavunja jino.