Kijitabu cha uhuru wa Marekani cha buku nne: mwanzo moto, mwisho wamelipua

Kama uko Dom na una dogo wa advansi anasoma historia, au we mwenyewe unapenda tu kujua Wamarekani walimtokaje Mwingereza, kuna kijitabu kinauzwa stesheneri moja pale karibu na Jamatini, shilingi 4,000, kimechapwa kwa Kiswahili, jalada la njano, jina la mwandishi hakuna. Dada wa pale atakwambia "kaka hiyo inatoka sana, zimebaki mbili tu", na ukipita wiki inayofuata bado zimebaki mbili.

Nilimnunulia mdogo wangu ila nikaanza kukisoma kwenye daladala ya Nkuhungu na nikapitiliza kituo, kwa hiyo nianze na sifa. Notsi nyingi tulizokaririshwa zinaanza na "wakoloni walichoka kunyanyaswa" halafu mtu anaorodheshewa sababu kumi za kumeza. Hiki kinaanza na hela. Mwaka 1763 Mwingereza ametoka kumpiga Mfaransa vita ya miaka saba, kachukua Kanada, lakini deni la serikali limekaribia kuwa mara mbili na bado anataka kuacha wanajeshi kule Amerika, sasa nani alipe? Papo hapo mfalme anawakataza watu wasivuke milima ya Appalachian kwenda kujichukulia ardhi magharibi, wakati wengine wameshaanza kuipigia hesabu. Ndo inakuja sheria ya sukari 1764, halafu 1765 ile ya stempu, kila karatasi ilipiwe, gazeti, hati ya mahakama, leseni, mpaka karata za kuchezea. Aliyelalamika tozo za miamala ile 2021 hapa hahitaji kuelezewa, tofauti ni kwamba wale hawakuwa na mbunge hata mmoja kule London na hiyo ndo ilikuwa hoja yao kubwa.

Na kijitabu kimeonyesha vizuri kwamba mwanzoni hawa jamaa hawakutaka uhuru kabisa, walikuwa wanadai haki zao kama Waingereza. Wakagomea bidhaa, wafanyabiashara wa Uingereza wenyewe wakaanza kulia, stempu ikafutwa 1766, ila siku hiyo hiyo ikapitishwa sheria nyingine inayosema bunge la London lina mamlaka ya kuwatungia sheria kwenye kila jambo. Mwaka uliofuata ushuru ukarudi kwa mlango mwingine, vioo, rangi, karatasi, madini ya risasi, chai.

Sehemu ya chai ndo imenifanya nisijutie hela yangu. Wengi tunaamini chai ilimwagwa baharini sababu ilipanda bei, kumbe sheria ya 1773 iliishusha! Kampuni ya East India, ya Waingereza, ilikuwa na chai imejazana kwenye maghala London na inakaribia kufilisika, ikaruhusiwa kuileta Amerika moja kwa moja, ikawa rahisi kuliko hata ile ya magendo ya Waholanzi, ila ushuru wa peni tatu kwa ratili ukabaki pale pale. Kwa hiyo ukinunua chai ya bei chee umeshakubali kwamba London ina haki ya kukutoza, na wafanyabiashara wa Boston, wa magendo na wa halali, wamekatwa mkate. Hutchinson, gavana wa koloni la Massachusetts uliko mji wa Boston, ambaye watoto wake walikuwa kati ya mawakala wa kupokea hiyo chai, akakataa meli zirudi nayo. Meli ya kwanza ilipewa siku 20 iwe imelipia ushuru la sivyo mzigo utaifishwe, na usiku wa tarehe 16 Desemba, kesho yake siku zinaisha, watu wakapanda wakamwaga makasha 342. Hapo mwandishi amenipata, anaeleza taratibu mpaka unaona mtego ulivyobana pande zote mbili.

Sasa madudu. Kwenye mauaji ya Boston ya 1770, wanajeshi wa Mwingereza walipofyatulia watu risasi, wameandika "mamia waliuawa". Waliokufa ni watano, mmoja wao Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Afrika, na wala hajatajwa. Tena aliyewatetea wale wanajeshi mahakamani ni John Adams, huyo huyo aliyekuja kuwa rais, stori tamu kama hiyo unaiachaje? Ramani ya makoloni 13 ni fotokopi ya fotokopi, weusi mtupu, Georgia huioni.

Ila kilichoniudhi zaidi ni baada ya tarehe 4 Julai 1776, hapo mwandishi ni kama ameona gari linamuacha. Kurasa tatu na tupo 1783, vita imeisha! Mtoto atadhani walisoma tangazo la uhuru pale Philadelphia, bendera ikapanda, Mwingereza akafunga mabegi kama sisi 9 Desemba 1961. Wakati vita ilikuwa imeanza Lexington Aprili 1775, na Washington, jenerali wa Wamarekani, alipigwa vibaya New York hiyo hiyo 1776. Ushindi wa Wamarekani pale Saratoga 1777 umepewa mstari mmoja, na Mfaransa aliyeingia mkataba nao Februari 1778 hayupo kabisa, yaani kabisa, halafu unasoma Cornwallis, jenerali wa Mwingereza, amesalimu amri Yorktown Oktoba 1781 na hujui kwamba manowari za Wafaransa ndo zilimzibia njia ya bahari.

Watumwa nao kimya. Novemba 1775 gavana wa Mwingereza kule Virginia, Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi wakija kumpigania, na maelfu walikimbilia upande wa Waingereza wakati wa vita. Jefferson anaandika kwenye lile tangazo la uhuru kwamba binadamu wote wameumbwa sawa huku ana watumwa shambani kwake. Kitabu kinachouzwa Dodoma kikiruka hilo sijui kimeandikiwa nani.

Mi nakipa tatu kwa tano. Kwa mtihani wa "sababu za" kinatosha, kwa "vita ilivyokwenda" mtafutie dogo kitu kingine. Soft kopi wanakutumia WhatsApp kwa buku mbili na ramani humo inaonekana vizuri, ukiweza chukua hiyo. Na kuna toleo la jalada la bluu wanaliuza bei hiyo hiyo, hilo liache, kurasa za 1774 hazimo.