Nakala ya noti ya rupia 500 ya Zanzibar: picha nzuri, maelezo yamepotoka

Nakala hii niliinunua Mji Mkongwe, katika duka moja la vitu vya kale, ikiwa ndani ya fremu nyeusi ya mbao pamoja na kadi ndogo ya maelezo. Muuzaji alinieleza wazi kwamba si noti halisi, nami namshukuru kwa hilo, kwani rupia 500 halisi ni miongoni mwa noti adimu kabisa za Afrika Mashariki.

Upande wa kushoto uchapaji unaridhisha: jahazi limetweka tanga, na kamba zake zinahesabika. Upande wa kulia, wachuma karafuu wamefifia mno, hata ikanibidi niisogeze fremu dirishani ndipo nikawatambua. Maandishi ya Kiarabu yanasomeka vyema, ila yale ya Kigujarati yamejaa wino. Kasoro hiyo si ndogo, kwa sababu noti ya thamani hii haikuwa ya kununulia samaki sokoni; ilikuwa ya kulipana baina ya matajiri, na katika biashara ya karafuu Wahindi walikuwa na nafasi kubwa.

Kilichonisikitisha hasa ni kadi, inayosema kwamba hii ni fedha ya Sultani iliyotumika hadi Mapinduzi. Noti hizi zilitolewa na Serikali ya Zanzibar kuanzia mwaka 1908, wakati visiwa vimeshakuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na zilichapwa London na kampuni ya Waterlow & Sons. Ile ya rupia 500 ilikuja mwaka 1920, mwaka uleule ambao Kenya na Uganda ziliiacha rupia na kuchukua florini, kabla ya shilingi kuingia muda mfupi baadaye. Zanzibar ilibaki na rupia yake hadi 1936, ilipojiunga na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na kila rupia ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Aliyekuwa na noti hii alipata shilingi 750, miaka 28 kabla ya Mapinduzi.

Fremu ni imara na kioo ni safi, kwa hiyo nawashauri wapenzi wa historia yetu wainunue. Kadi nimeitoa, nikaandika maelezo mapya kwa mkono na kuyabandika mahali pake.