Chujio la sponji kwa tangi la kwanza la samaki: bei ndogo, kazi kubwa

Nimeweka tangi la samaki wa mapambo sebuleni kwangu Tabata, Dar es Salaam. Kati ya vyote nilivyonunua, ninachotaka kukisifia ni kile ambacho wauzaji wengi hawakiweki mbele ya duka: chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Nililipata Kariakoo kwa Sh 12,000. Pampu ilikuwa Sh 35,000 kwa sababu nilichukua ya kuchaji; za kawaida ziko chini ya hapo. Boksi halina jina kubwa. Ndani kuna kitako kizito cha plastiki, bomba lenye matundu, na sponji nyeusi iliyovikwa juu yake.

Muuzaji alianza kwa kunionyesha matangi yaliyokamilika, yenye taa za rangi na chujio lililofichwa kwenye mfuniko. Yanapendeza, sikatai. Lakini mengi ya aina hiyo yanatumia kikasha kidogo cha pamba ambacho maelekezo yanataka ukitupe na kununua kingine kila baada ya wiki chache. Ukikitupa, unatupa na bakteria waliokuwa wanalinda samaki wako. Sponji haitupwi. Inasuuzwa na kurudishwa, na inadumu miaka.

Linavyofanya kazi ni hivi. Hewa inapita kwenye mpira mwembamba hadi chini ya bomba, mapovu yanapanda, na yakipanda yanavuta maji kupitia sponji. Hakuna mota ndani ya maji, hakuna kinachozunguka cha kusagwa na mchanga wala cha kunyonya vifaranga. Uchafu unanasa nje, ila kazi yenyewe hasa iko ndani, kwenye vitundu, ambako bakteria wanaweka makazi. Samaki anatoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, na chakula kinachooza kinaongezea. Bakteria wa kundi moja wanaigeuza amonia kuwa nitriti, wa kundi jingine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Hizo mbili za mwanzo zinaua hata zikiwa kidogo. Nitrati inavumilika, nayo unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Mimi ni mtu wa maabara, nashinda zahanati nikipima damu na mikojo ya watu, kwa hiyo kumtia kiumbe kwenye maji ambayo sijayapima haikuwezekana. Niliagiza boksi la vipimo vya matone la kampuni ya API, lile la maji yasiyo ya bahari, na bei yake ilizidi chujio na pampu ukijumlisha pamoja. Nasema bila kusita kwamba lina thamani yake. Unaweka maji mililita 5 kwenye kichupa. Kwa amonia, matone 8 ya chupa ya kwanza na 8 ya chupa ya pili, unatikisa, unasubiri dakika 5: manjano ni salama, kijani ni hatari. Kwa nitriti, matone 5, na unaomba ibaki buluu ya mbingu isigeuke zambarau. Cha nitrati ndicho kinachotaka nidhamu: matone 10, halafu chupa ya pili itikiswe kwa nguvu sekunde 30 kwa sababu dawa yake inatuama chini, matone 10 mengine, kisha kichupa chenyewe kitikiswe dakika nzima. Anayeruka kutikisa atapata jibu la chini lisilo la kweli na atalala akidhani maji yake ni safi.

Sasa, kulilisha chujio kabla samaki hawajaja, yaani kuotesha bakteria wake hadi liive. Wenye amonia safi ya dukani wanatumia hiyo. Mimi nilitumia kamba mmoja mbichi kutoka soko la samaki la Feri, nikamfunga ndani ya soksi nyembamba na kumning'iniza tangini aoze. Harufu ipo, tena ya kutosha, fungua madirisha. Amonia ilipanda kwanza, kisha nitriti ikapanda na kung'ang'ania juu kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, halafu zote mbili zikashuka hadi sifuri na nitrati ikaanza kuonekana. Kwa kawaida safari hiyo inachukua wiki 4 hadi 6. Joto la Dar linasaidia, maana bakteria hawa wanazaliana haraka kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Ukimpata mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake ndani ya ndoo yako na umimine yale maji ya kahawia tangini. Yanaonekana machafu lakini ndiyo mbegu.

Kuhusu maji nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa video za Ulaya unapotupoteza. Nyumba yetu inatumia maji ya bomba yakitoka na ya kisima yasipotoka. Ya kisima yana chumvichumvi, na kipimo changu kinasoma pH (kiwango cha asidi au alkali) 8 au zaidi kidogo. Hilo linabadilisha hesabu ya amonia. Amonia ndani ya maji iko katika sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ile kali inaongezeka karibu mara kumi. Joto nalo linaiongeza. Kwa hiyo kiasi cha amonia ambacho mtu wa maji laini (yenye madini machache) na ya baridi angeweza kukivumilia siku mbili tatu, kwetu kinaunguza matamvua. Ndiyo maana nasisitiza chujio liive kwanza. Maji ya bomba yana klorini inayoua bakteria wale wale. Mimi nayaacha kwenye ndoo usiku kucha huku jiwe la hewa likiyachemsha mapovu. Njia hiyo inatosha kwa klorini ya kawaida. Kama maji yenu yanatiwa kloramini, haitoki kwa kuachwa, hapo lazima ununue matone ya kutibu maji.

Maji hayo hayo ndiyo yaliyonichagulia samaki. Gapi na moli wanayapenda magumu na yenye pH ya juu. Tetra wa neoni, wale wenye mstari wa buluu unaowaka, asili yao ni maji laini ya bonde la Amazon. Ni wazuri mno lakini sikuwachukua, na sitamshauri mtu wa maji ya kisima awachukue. Nilianza na gapi madume wachache tu, kwani ukichanganya na majike unapata vifaranga kila mwezi hata kama hukupanga.

Hita sikununua. Dar haihitaji. Msomaji wa Nairobi, Arusha, Mbeya au Iringa anunue, maana usiku wa Julai huko maji yatashuka mno kwa samaki wa joto. Shida yetu sisi wa pwani ni ya upande wa pili: maji ya nyuzi 20 yanabeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Februari, sebule ikiwa tanuri, mapovu ya chujio hili ndiyo yanayotikisa uso wa maji na kuingiza hewa. Chujio moja, kazi mbili.

Na umeme. Hapa ndipo lilipojishindia nafasi yake nyumbani kwangu. Pampu niliyochukua inachajiwa kwa waya wa USB, na ikiachwa imechomekwa, umeme ukikatika inaendelea yenyewe kwa betri. Usiku mmoja umeme ulipokatika hadi alfajiri, niliamka nikakuta mapovu bado yanapanda na samaki wako katikati ya maji, hakuna aliyekuwa juu akihema. Machujio ya mkebe uliofungwa yana tatizo lake umeme ukipotea: maji yanasimama ndani, bakteria wanamaliza oksijeni na kuanza kufa. Sponji iko wazi ndani ya tangi, inapata hewa maadamu tangi lina hewa.

Kitu kimoja lazima mkinunue pamoja nayo, nacho hakifiki hata Sh 2,000: valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Pampu ikisimama ikiwa chini ya usawa wa maji, maji yanaweza kurudi kwenye mpira na kumwagikia pampu na soketi. Angalia mshale kwenye valvu uelekee tangini. Ukiweza, weka pia pampu juu ya usawa wa maji.

Kasoro zipo na nitazisema. Linaonekana. Limekaa pembeni ya tangi kama kitu cheusi kisicho na haiba, na imebidi nilifiche nyuma ya gogo lenye mmea wa anubias (huo usiufukie shina lake nene mchangani, ufunge tu kwa uzi kwenye gogo au jiwe). Vumbi laini sana linapita, kwa hiyo maji hayang'ai kama ya kwenye picha za matangazo. Mapovu yana sauti. Mimi inanibembeleza, mume wangu ilimchukua muda kuizoea. Mtetemo wa pampu ni suala jingine. Niliikalisha juu ya taulo lililokunjwa na ukapungua sana.

Usafi wake ni rahisi. Unachota maji ya tangi kwenye ndoo, unaikamua sponji humo mara kadhaa, unairudisha. Usiioshe kwenye bomba, usiguse sabuni. Mimi nafanya hivyo ninapoona mapovu yamekuwa mazito kupanda, sifuati kalenda.

Tangi lenyewe alinitengenezea fundi vioo wa mtaani, sentimita 60 kwa 30 kwa 36, yaani kama lita 65, kioo cha milimita 6. "Dada, usiniharakishe, silikoni ikauke vizuri," aliniambia, na alikuwa sahihi. Tulilijaza maji nje ya karakana yake na kuliacha hadi kesho yake kabla sijalibeba. Nilichagua silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Likijaa na mchanga wake linapita kilo 70, usiliweke juu ya meza ya televisheni. Mchanga uwe wa mto uliooshwa. Ule wa baharini wenye vipande vya makombe unazidi kupandisha pH.

Ninaloliwazia mbele ni nothobranchius wa Unguja, Nothobranchius guentheri, samaki wa kwetu kabisa anayeishi kwenye madimbwi ya mvua, ambaye mayai yake yanasubiri ndani ya udongo madimbwi yakikauka. Ni mzuri kuliko wengi wanaoletwa kwa ndege, na wafugaji wake wanatumia chujio hili hili kwa sababu mkondo wake ni mpole. Beta naye anafaidika kwa sababu hiyo hiyo, mapezi yake marefu hayapendi maji yanayokimbia.

Kwa tangi la kwanza lisilozidi lita 100 na samaki wadogo, nalipatia chujio hili nyota tano bila kupunguza hata nusu. Kwa samaki wa dhahabu wakubwa au sikilidi wanaochafua sana, halitatosha peke yake. Ukiwa dukani chukua mawili hata kama tangi ni dogo, uyaendeshe yote kwa pampu moja yenye matundu mawili. Utakuwa unaosha moja wiki hii na jingine baadaye, na siku ukihitaji tangi la pili la kumtenga samaki mgonjwa, tayari una chujio lililoiva la kuhamishia.