Jimu ya Mwanga, kwa wenye wazazi wazee
Kwa mnaoulizia sehemu ya kumpeleka mzazi mazoezi hapa Kigoma mjini, mimi mama yangu nampeleka jimu moja ya Mwanga, ana miaka 68, na kilichonifanya niipende ni kwamba wanampa uzito, uzito wa kweli, na akishauzoea wanaongeza. Tulikoanzia wakiona mzee wanamweka pembeni azungushe mikono, basi kamaliza na hela imeenda.

Hapa kocha alimwamkia shikamoo, akamuuliza presha, magoti, dawa gani anatumia, akasema kapimeni presha kwanza ndo mrudi. Zoezi la kwanza likawa kukaa kwenye kiti na kusimama bila kujishika, baadae akakumbatishwa chuma cha kilo mbili kifuani, saivi yuko kilo nane na anavuta na ile mashine ya kamba ya mgongo. Nyumbani anainuka kwenye mkeka bila kuomba mkono na ndoo ya maji anajibebea!!

Najua ndugu watasema mwacheni mama apumzike jamani, ila misuli inaanza kupungua taratibu tangu miaka ya 30 huko na ukivuka 60 inaenda kasi zaidi, sasa ukimpumzisha ndo unaimalizia kabisa. Mwaka 1990 kule Boston, Marekani, watafiti waliwapa wazee dhaifu wa wastani wa miaka 90 mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8, waliomaliza nguvu zao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini jamani. Na misuli ndo inakula sukari nyingi ya kwenye damu, kwa hiyo wenye kisukari linawahusu sana hili, na mguu wenye nguvu hauanguki hovyo, mzee akivunjika nyonga mnajua wenyewe familia inavyohangaika. Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, na kwa wa miaka 65 kwenda juu ya nguvu na balansi siku 3.

Bei elfu tatu kwa siku, ukilipia mwezi inashuka. Nendeni asubuhi, jioni vijana wanajaa na mziki unapigwa mpaka mama hamsikii kocha. Kinachoniudhi ni ngazi za kuingilia, hazina pa kushika, mwenye jimu kama unapita hapa tafadhali chomelea hata bomba moja tu, mama zetu wanapanda wakiegemea ukuta.