Kitufe cha SET kwenye Mazda CX-5: jaza upepo kwanza!

Karibuni tena wadau. Injini ya CX-5 na ulaji wake wa mafuta mshavisikia kila kona, leo naviruka. Nina ugomvi na hiki kitufe tu. Kinaonekana? Hapa chini ya usukani, kina alama ya tairi na neno SET. Si CX-5 zote zinacho, angalia yako.

Kinachoniudhi ni hiki: taa ya njano ya upepo wa matairi inawaka, mtu anabonyeza SET, taa inazima, huyo anakanyaga mafuta. Jamani! Kitufe hiki hakipimi upepo. Gari hili halina sensa ndani ya matairi, linatumia zile za ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia matairi kukwama, kulinganisha mizunguko. Tairi likipungua upepo, kimo chake kinashuka, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake, na taa inawaka. Ukibonyeza SET unaliambia gari kwamba hali ya sasa ndiyo sahihi. Kama tairi moja lina psi 22 (psi ni kipimo cha upepo), basi gari linakariri mzunguko wa hiyo hiyo 22 na kunyamaza.

Tufanye inavyotakiwa. Matairi yawe ya baridi, asubuhi kabla hujatoka. Fungua mlango wa dereva, kibandiko cha upepo wa matairi hiki hapa kwenye nguzo. Gari za Japani huandika kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha upepo), geji nyingi za sheli zinasoma psi, basi gawa kwa 6.9: 230 inakuwa 33 na kitu, 250 inakuwa 36. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, usijazie hiyo.

Nabandika geji. Mmesikia? "Pss" fupi, kisha kimya. Ikiendelea kupuliza, haijakaa sawa, na usomaji huo ni wa uongo. Hili lina 29. Naongeza... 35, nimepitiliza. Naachia kidogo, napima tena, 33. Tone la maji ya sabuni kwenye valvu: likitoa mapovu, sindano yake ya ndani imelegea au imechoka. Kifuniko kirudi, kinazuia vumbi. Matairi yote manne hivyo hivyo.

Sasa ndiyo kitufe. Gari limesimama, breki ya mkono juu, swichi kwenye ON. Bonyeza, shikilia, tazama dashibodi: taa inapepesa moja... mbili... na mlio mmoja. Achia. Ukiwa kwenye foleni chini ya kilomita 15 kwa saa usitegemee taa ikuambie kitu, mfumo unahitaji mwendo.

Na ubovu wake mkubwa: matairi yote manne yakipungua taratibu kwa pamoja, hakuna linalotofautiana na mwenzake, taa inaweza kubaki kimya. Ndiyo maana geji kila mwezi haikwepeki. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, nunua geji nzuri, kompresa itafuata.

Mtaniambia gari nyingi za soko la Marekani zina sensa ndani ya ringi. Kweli, kule mfumo wa kuangalia upepo ni sheria kwa gari ndogo zote mpya tangu Septemba 2007, na sensa hizo zinasoma kila tairi peke yake. Lakini betri ya sensa hudumu kama miaka 5 hadi 10, na ikiisha mara nyingi unanunua sensa nzima. Halafu sensa nyingi za Marekani hutuma taarifa kwa masafa ya redio ya 315 MHz, za Ulaya 433. Ukichanganya, gari haliisikii. Kwa gari zenye sensa hizo, taa ikipepesa kama dakika nzima kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu, kujaza upepo hakutaizima.

Vile vipima upepo vya kufunga juu ya valvu, vyenye skrini ya sola, mmeviomba sana kwenye maoni, video inayofuata ni yake. Bonyeza kengele.

Eeh, nisisahau: ukibadilisha matairi, au fundi akihamisha ya mbele nyuma, pima upya halafu SET tena.